Yaya anajibu: Zanzibar tulale upande gani?

*Yaya, mimi ni mama muuza vitenge wa soko la Mzee Kabila, nakaa Kampemba, hapa Lubumbashi. Dar es Salaam naijua, Kariakoo naingia na kutoka nikitafuta mali, lakini kila mara nafika pale boti za Zanzibar zinapoondokea, natazama, narudi zangu. Mwaka huu bwana yangu, anayetumika mgodini kule Kolwezi, atapata konje, likizo yake, mwezi wa nane, na tumesema safari hii tunavuka: sisi wawili na watoto, mmoja wa miaka sita, mwingine kumi na mmoja. Usiku saba. Kuogelea hakuna anayejua kati yetu. Dada mmoja wa kanisani anasema Nungwi. Binamu ya bwana yangu anasema Paje, bei ni nafuu. Mimi kwenye simu nimeona hoteli ya pwani ya mashariki, ina bwawa zuri na bahari ya kijani mbele ya mlango, bei karibu nusu ya zile za Nungwi. Nataka kuingia baharini mimi mwenyewe, nimechoka kuitazama. Tena bwana yangu hakosi misa ya Jumapili. Tulale wapi?*
*Mama wa Kampemba*

Mama, hiyo picha ilipigwa maji yakiwa yamejaa. Sisemi wamekudanganya. Bahari ya kijani ile ipo kweli, ila haikai pale siku nzima.

Kabla sijarudi Lubumbashi nilifanya kazi ya mapokezi Unguja, kwanza katika nyumba ya wageni ya Mji Mkongwe, halafu katika hoteli ya pwani ya mashariki. Kule mashariki swali nililoulizwa kuliko yote halikuwa la bei wala la maji ya moto. Mgeni alifika usiku, akalala, asubuhi akanywa chai yake, saa nne akashuka na taulo begani. Haikupita muda yuko tena mbele ya meza yangu: "Bahari iko wapi?" Bahari ilikuwa kule mbali kwenye mwamba, mstari mweupe tu wa mawimbi. Katikati ni mchanga mtupu, vidimbwi, mashua zimelala ubavu, na akina mama wameinama kwenye kamba zao za mwani. Bwana mmoja alitaka arudishiwe pesa papo hapo, akasema tumemuuzia jangwa. Meneja akamwomba asubiri mpaka saa kumi. Saa kumi maji yalikuwa yanagonga ngazi za hoteli. Bwana akaingia, akaoga mpaka giza, na barua yake ya malalamiko hakuifuta.

Sisi watu wa huku tumezoea maji yanayokaa mahali pake. Ukienda Kipopo asubuhi ziwa lipo, jioni lipo. Bahari ya Unguja hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku inachelewa kama dakika hamsini kuliko jana yake. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, wenyewe wanaita bamvua: maji yanatoka mbali sana na kujaa juu sana, tofauti yake inakaribia mita nne. Katikati ya hapo ni maji mafu, bahari haina haraka. Na jambo ambalo hoteli hazikuandikii: siku za bamvua, maji ya Unguja yanakuwa yametoka kwenye saa nne au saa tano asubuhi, halafu yanajaa kwenye saa kumi jioni. Siku za maji mafu mambo yanageuka, asubuhi ile ile maji yapo. Kwa hiyo ukishajua tarehe zenu, tazama kwanza mwezi utakuwaje. Hiyo ni bure, na inakuambia mengi kuliko nyota za hoteli.

Sasa si pwani zote zinaumia sawa. Mashariki yote, kuanzia Matemwe na Kiwengwa kushuka mpaka Paje na Jambiani, sakafu ya bahari ni tambarare mpaka kwenye mwamba, ndiyo maana maji yakipwa yanakwenda mbali. Kaskazini, Kendwa na ule upande wa Nungwi unaotazama machweo, ufuko unashuka haraka. Maji yanapanda na kushuka kama kwingine, lakini wewe ukitembea hatua chache umeyakuta. Kwa mtu aliyesema "nataka kuingia baharini mimi mwenyewe", mwenye usiku saba tu na watoto ambao hawatasubiri saa kumi, jibu langu ni Kendwa. Ukikosa Kendwa, Nungwi ya magharibi.

Nasema "ya magharibi" kwa sababu. Nungwi iko kwenye ncha ya kisiwa, ina pande mbili, na hoteli za upande wa mashariki nazo zinajiita Nungwi, tena hawajasema uongo. Lakini kule kuna mawe zaidi, na maji yanatoka. Dada wa kanisani amekuambia kweli, amekuambia nusu. Ukiwaandikia hoteli, waulize: kutoka kwenye ufuko wenu tunaona jua likizama au likichomoza? Wakijibu likichomoza, wapo mashariki.

Ufuko kushuka haraka kuna upande wake mwingine, na kwenu ninyi msiojua kuogelea ni jambo la kuangalia. Yule wa miaka sita akipiga hatua kidogo maji yako kifuani. Huyo umshike mkono, kila mara, hata kama bahari imelala. Kwa hiyo bwawa bado lina kazi, lakini lazima liwe na sehemu ya kina kifupi. Mabwawa mengi mazuri ya kwenye picha ni ya kina kirefu kwa mtoto kuanzia ukingoni. Uliza kina chake kwa sentimita, watakupimia.

Mwezi wa nane ni upepo wa kusi. Hakuna mvua ya kuwasumbua, usiku ni wa shuka nyepesi, lakini upande wa Paje upepo unavuma siku nzima na mchanga unaingia kwenye sahani. Wazungu wa tiara za kwenye maji, ile kitesurf, wanaufurahia sana. Mama mwenye watoto na chakula mkononi, hapana. Kendwa imejificha na kusi vizuri zaidi.

Ubaya wa Kendwa ni bei, hasa huo mwezi, maana na Ulaya nao wako likizo. Usilipe chumba cha mstari wa mbele. Kinachoongeza bei pale ni dirisha, na ninyi mchana hamtakuwa chumbani. Tafuta nyumba ya nyuma, mwendo wa dakika tano mpaka mchangani, ufuko ni ule ule. Mwezi mpevu pia kuna hoteli pale inapiga muziki mpaka alfajiri, watu wanatoka hata mjini kuja kucheza. Kama tarehe zenu zimegongana na siku hiyo, uliza uko umbali gani na huo muziki, au nenda Nungwi kwa usiku huo.

Chakula. Watoto wa Kampemba nawajua, siku ya tatu wataulizia bukari, ugali wetu. Mezani kwa hoteli wataletewa viazi vya kukaanga kwa bei ya kitenge kizima. Mchana ingieni kijijini Nungwi, nyuma ya mahoteli, akina mama wanapika wali wa nazi, maharage, samaki wa siku hiyo hiyo, na ugali upo. Mtoto aliyekua na tomusoni na kapenta, samaki wetu wa huku, umwonyeshe changu mzima na pweza, hata kama hatakula. Kwa hiyo ukipewa bei mbili, ya chai ya asubuhi tu na ya milo yote, chukua ya chai. Na ukiingia kijijini funga kitenge juu ya nguo ya kuogea. Ni kijiji cha Waislamu, watu wana heshima zao, na wewe kwa vitenge huna shida.

Kabla ya kutuma hata dola moja, zungumza nao kwa WhatsApp. Waambie: nitumie picha ya ufuko wenu ya leo, saa nne asubuhi. Hoteli ambayo haina la kuficha inamtuma kijana anapiga, dakika tano unayo. Inayokutumia tena zile picha za kwenye tangazo, umeshapata jibu. Uliza kama kodi ya miundombinu imo ndani ya bei, kwa sababu inatozwa kwa kila mtu kwa kila usiku na wengine wanaidai siku ya kuondoka, mkiwa mmebaki na falanga za teksi. Uliza vitanda vya watoto ni vitanda au ni godoro sakafuni. Uliza umeme ukikatika nini kinawaka.

Karatasi msizisahau: pasipoti na kadi ya manjano ya chanjo mkononi hata mkitokea Dar, maana Zanzibar inakagua tena wageni bandarini. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni asiye mkazi anatakiwa pia kuwa na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, ambayo ilitangazwa kwa dola 44 kwa mtu. Bima ya kwingine haihesabiki. Piteni kwenye Ubalozi Mdogo wa Tanzania hapa Lubumbashi muulize kiwango cha raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwani na sisi sasa tumo.

Sasa zile usiku saba. Tano Kendwa, mbili za mwisho Mji Mkongwe. Wengi wanaanza na mji, mimi nasema malizeni nao. Watoto wakishuka kwenye boti wanataka bahari, usiwatembeze kwenye milango ya kuchonga. Na siku ya kurudi boti inaondokea Malindi, mnatembea kwa miguu, badala ya kukimbizana na barabara zaidi ya saa moja kutoka kaskazini na moyo juu. Pangeni Jumapili iangukie hapo. Kanisa Katoliki la Mtakatifu Yosefu liko ndani ya Mji Mkongwe, ukipotea ulizia Minara Miwili, hata mtoto atakuonyesha. Bwana yako misa anaipata, na ataisikia kwa Kiswahili kitakachomchekesha kidogo, kama vile chetu kinavyowachekesha wao.

Chumba cha mjini usikitafutie bahari. Pale maji ni ya boti, mnaoga kwa macho. Tafuta ndani ya vichochoro vya Kiponda au Shangani, nyumba ya zamani yenye kuta nene. Gari haliingii, masanduku yatabebwa kwa mkokoteni, mpatane kabla. Ngazi ni kali kama za kupanda mnara, kwa hiyo na mtoto wa miaka sita omba ghorofa ya kwanza. Adhana ya alfajiri itawaamsha. Jioni nendeni Forodhani, kuna mishkaki, urojo, juisi ya miwa, na vijana wanaoruka kutoka ukutani kuingia majini. Uliza bei kwanza, halafu ndiyo uguse. Na papasi, wale vijana wanaofuata wageni wakitaka kuwapeleka hotelini, waambie kwa upole tumeshapata. Wakishasikia Kiswahili wengi wanacheka na kuwaacha.

Binamu naye asione tumemdharau. Siku moja kodini gari, mwende msitu wa Jozani mkawaone kima punju, ambao duniani kote wako Zanzibar peke yake, kisha mshuke Paje maji yakiwa yametoka. Hapo ndipo mashariki inapendeza kwa watoto: maji ya vuguvugu yanafika kwenye vifundo, kaa wanakimbia, na akina mama wanafunga mwani kwenye vigingi. Wavisheni viatu vya mpira kwa sababu ya miiba ya bahari, na wasikanyage kamba za mwani, lile ni shamba la mtu. Jioni mnarudi kulala Kendwa.

*Yaya, tuko wanafunzi watatu wa UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi. Tumeweka akiba kwa likizo ya Pasaka. Tumeona bei za Zanzibar mwezi wa nne zimeanguka vibaya. Kuna nini? Na sisi wa mfuko mdogo tulale wapi?*
*Watatu wa Kasapa*

Wadogo zangu, kuna masika. Mvua za Machi mpaka Mei, na Aprili ndiyo yenyewe. Hoteli nyingine zinafunga kabisa, wanapaka rangi na kutengeneza makuti. Mvua hainyeshi mchana kutwa kila siku, lakini ikija inakuja, na njia za mchanga za vijijini zinakuwa matope.

Kama hamwezi kusogeza tarehe, laleni Mji Mkongwe siku nyingi zaidi. Mvua ikinyesha mjini kuna baraza za kukaa, kahawa, nyumba za kutazama, na ikikatika unatoka. Pwani, mvua ikinyesha kuna wewe na kitanda. Mkiweza kusogeza, nendeni mwezi wa sita mwanzoni, kabla bei hazijapanda.

Pwani yenu ni Paje au Jambiani, kaskazini si ya mfuko huo. Paje kuna vitanda vya bweni, vijana wengi na muziki. Jambiani ni kijiji kirefu kimetandaza ufukoni, kimya zaidi, na chakula cha kijijini kiko karibu. Msikimbilie bweni kwa kuwa limeandikwa rahisi: ninyi ni watatu, chumba kimoja cha vitanda vitatu mkikigawana mara nyingi kinalingana na bweni, na mlango mnafunga wenyewe. Aprili mnaweza kuomba bei ipunguzwe bila aibu, hasa mkisema mtakaa zaidi ya usiku mmoja. Kutoka mjini pandeni daladala. Yale masomo ya tiara za majini msiyatie kwenye bajeti, ni ghali, na mwezi huo kaskazi imekwisha na kusi haijakolea.

*Yaya, mimi ni mstaafu wa Gécamines, kampuni ya migodi. Watoto walioko nje wanataka kutulipia mimi na mama yao siku kumi za kisiwa, ndiyo mara yetu ya kwanza. Magoti ya mama yao hayataki ngazi. Mimi sitaki muziki. Mmoja wa watoto anasema Pemba, kwa sababu ni kimya kuliko Unguja. Ni kweli?*
*Mzee wa Zekamine*

Baba, jambo sana. Ni kweli, Pemba ni kimya, kijani mpaka macho yanapoa, mikarafuu kila kilima. Tatizo ni hicho kilima. Sehemu za kulala ni chache, zile nzuri ziko mbali na mji, na kutoka Unguja ni boti nyingine au ndege ndogo. Kwa magoti ya mama na safari ya kwanza, mimi ningeiacha.

Mji Mkongwe pia msilale. Mkautembelee asubuhi, kabla ya joto, mkae barazani mnywe kahawa, mrudi. Nimebeba mabegi ya wazee kwenye zile ngazi, nawajua waliolia.

Waambie watoto watafute Mbweni au Bububu. Ni pwani ya magharibi, Mbweni kusini ya mji upande wa uwanja wa ndege, Bububu kaskazini yake. Kuna nyumba za bustani na miti mikubwa, barabara ni ya lami, kufika mjini si safari, na hospitali ya Mnazi Mmoja haiko mbali ikihitajika. Bahari ya huko haina ule weupe wa mchanga wa Kendwa, nawaambia mapema wasije wakalalamika watoto kwa picha mtakazotuma. Kuiona Kendwa chukueni gari siku moja, mkae chini ya mwavuli mpaka jua lizame, mrudi.

Waandike kabisa kwenye barua: chumba cha chini, bafu lisilo na kizingiti, na kiti cha kuogea. Kutoka chumbani mpaka mezani ni hatua ngapi, na njia ni ya saruji au ya mchanga? Mchanga mzuri wa kwenye picha, kwa goti bovu, unachosha kuliko ngazi tano. Na wakiwajibu kwamba wamewapandisha daraja bure, chumba cha kuona bahari ghorofa ya tatu, washukuruni, mkatae.